Siku Niliposema Ukweli Wakacheka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naacha ninachofanya na kukaa kidogo. Siku hiyo nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa wanachuo wenzangu, nikaomba msaada, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waliocheka hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walinipenda. Ndiyo maana nataka nikusimulie.

Ninyi mnaopanga vyumba vya uani kwangu hapa Bombambili mnanifahamu kama Bibi Skola, mwalimu mstaafu, mzee wa kuwagombeza mkiacha bomba wazi. Asubuhi mnapita mnaniamkia shikamoo, naitikia marahaba, mnakwenda zenu chuoni na vitu vyenu masikioni. Jina langu la ubatizo ni Skolastika. Kwetu ni Namtumbo. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku na mahindi, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza nyumbani kwetu kufika chuo. Nilikuja kusomea ualimu hapa hapa Songea, katika chuo ambacho si lazima nikitaje.

Chuoni nilijulikana kwa jambo moja: kuchekesha. Nilimwiga mkufunzi wa hisabati aliyekuwa akipandisha suruali kila anapomaliza kuandika ubaoni. Nilimwiga bibi mmoja wa kwaya ya kanisani kwetu, ambaye siku zote aliimba nusu beti nyuma ya wenzake na hakujua. Tukiwa kwenye foleni ya ugali, au tumekaa bwenini tunasukana, watu walinizunguka. "Skola, tupe kidogo!" Nami nawapa. Nilikuwa hivyo tangu utotoni. Tulizaliwa wengi, na mtoto anayechekesha ndiye aliyepata nafasi ya kukaa karibu na moto.

Basi mwaka wa pili, msimu wa baridi ulipoingia, kitu kikabadilika ndani yangu. Unaijua baridi ya hapa kwetu, ile ya Juni na Julai inayokufanya uoge kwa kujilazimisha. Mwanzoni nilidhani ni baridi tu. Nikawa naamka alfajiri kabla ya kengele, macho makavu, moyo unadunda kama mtu aliyesahau jambo kubwa, na jambo lenyewe silijui. Uji ukawa hauna ladha. Hata dagaa wa Nyasa niliowapenda nikawa nawatafuna kama majani. Nikisoma ukurasa, nikifika chini sijui juu palisemwa nini. Kuoga kukawa kazi. Kuchana nywele kukawa kazi, nikaanza kufunga kitambaa kichwani kila siku, na wenzangu wakadhani ni mtindo.

Jambo lililonitesa kuliko yote ni kwamba sikuwa na sababu. Sikufiwa. Sikuachwa na mchumba, kwa kuwa hata huyo mchumba sikuwa naye. Wazazi walikuwa wazima na masomo hayakuwa yamenishinda. Nilijiuliza, "Wewe Skolastika, unalia nini?" Ningekuwa na msiba, watu wangekuja kunipa pole, nami ningejua nina haki ya kulia. Lakini kulia bila msiba niliona ni kudeka. Nilikwenda kanisani, nikapiga magoti mpaka yakafa ganzi. Nilitoka nimetulia kidogo, lakini kabla sijafika bwenini uzito ulikuwa umerudi, tena umekuja na wazo jipya, kwamba hata Mungu nimemchosha.

Na bado niliendelea kuchekesha. Usinishangae. Watu wakikuzoea kwa jambo moja, siku ukiliacha watakuuliza kulikoni, nami sikuwa na jibu la kuwapa.

Nilijaribu kumwambia mtu. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Imelda, msichana wa kutoka Mbinga, mwenye moyo mzuri na sauti ya juu. Jioni moja tukifua nguo, nikakusanya nguvu zote nilizokuwa nazo.

"Imelda," nikasema, "mwenzio nimechoka kuishi hivi."

Akaacha kufua, akanitazama, akaanza kucheka kabla sijaendelea. "Umeanza! Ngoja, ngoja kwanza nimwite Adelina, asikose hii." Akapaza sauti, "Adelina! Njoo, Skola ameanza!"

Adelina akaja mbio, mikono imejaa povu. Wote wawili wakasimama wananisubiri, nyuso zao zimeshajiandaa kufurahi. Ungefanyaje, mwanangu? Nilimwiga mkufunzi wa hisabati. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikasuuza nguo zangu nikaziacha kwenye ndoo, kwa sababu kuzianika kulinishinda.

Tangu siku hiyo nikaanza kufikiri mawazo ambayo sitayaeleza kwa urefu. Nitasema tu kwamba nilianza kuona wenzangu wangepumzika nisingekuwepo, na kwamba wazo hilo halikunitisha tena kama lilivyonitisha lilipokuja mara ya kwanza. Kama nawe limekuja kukutembelea, usiache kunisikiliza.

Ikafika Jumamosi ya kuagana kabla hatujakwenda mazoezi ya kufundisha. Chuo kilikuwa na desturi ya sherehe ndogo mchana, soda na mandazi, nyimbo kidogo, na mtu wa kuongoza. Mtu wa kuongoza alikuwa mimi, hakuna hata aliyeuliza. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikapewa kipaza sauti, nikasimama mbele. Vichekesho nilikuwa nimeviandaa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Jamani, mimi naumwa. Sijui naumwa nini. Naombeni mnisaidie."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu wa nyuma akapiga mluzi. "Endelea, Skola!"

"Sitanii," nikasema. "Siwezi tena."

Wakazidi. Walipiga meza, walipiga miguu sakafuni. Imelda alikuwa mstari wa mbele, anajifuta macho kwa kicheko. Mimi nikaanza kulia, mbele yao, kipaza sauti mkononi, na walipoona machozi wakapiga makofi. Nakumbuka sauti ya kijana mmoja akimwambia mwenzake kwa kustaajabu, "Ona, mpaka machozi ya kweli!"

Katikati ya ukumbi alikuwa amekaa msichana aitwaye Mwajuma, wa Nakapanya, kule Tunduru. Tulilala bweni moja, lakini hatukuwa marafiki. Alikuwa mtu wa maneno machache, anaswali, anasoma, analala, na sikumbuki siku hata moja aliyokuja kwenye kundi langu kusikiliza vichekesho. Huyo ndiye aliyesimama. Akapita katikati ya viti bila haraka, akaja mpaka mbele, akavua kanga aliyojitanda mabegani kwa ajili ya baridi, akanifunika nayo. Kisha akageuka.

"Hatanii huyu," akasema. "Nyamazeni."

Hakupiga kelele. Kicheko kikakatika kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka nikasikia chupa ya soda ikiwekwa sakafuni. Mwajuma akanishika mkono, tukatoka.

Tulikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya maktaba, mahali panapopigwa na jua la mchana. Mimi ndiye niliyeanza.

"Umejuaje kwamba sitanii?"

"Wewe unachekesha watu," akasema, "lakini siku hizi mtu mwingine akichekesha, wewe huchekagi. Nimekuangalia siku nyingi. Nikawa naona haya kukuuliza, maana hatuna mazoea. Hapo mimi nilikosea."

Akanieleza habari za mama yake mkubwa, ambaye baada ya kujifungua aliacha kusema, akawa anatazama ukuta tu, hata mtoto akilia hageuki. Watu wakasema ni majini. Wakamsomea dua, na wakampeleka hospitali kule Mbesa, na huko akatibiwa. "Sasa hivi anapalilia mikorosho yake mwenyewe," Mwajuma akasema, "na anatugombeza sote. Kwa hiyo mimi ugonjwa huu nimeuona, siuogopi." Kisha akanigeukia kabisa. "Skola, nikuulize jambo, usinifiche. Kuna wakati unafikiria kufa?"

Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilidhani swali kama hilo lingenichoma. Lilinitua mzigo. "Upo wakati," nikasema.

Hakushtuka mbele yangu. Hakunihubiria. Akaendelea kunishika mkono. "Alhamdulillahi, umesema. Basi kuanzia sasa hukai peke yako. Inuka, twende kwa Madamu."

"Atanifukuza chuo."

"Akikufukuza, tutafukuzwa wawili."

Madamu Mapunda alikuwa mkufunzi na mlezi wa wasichana. Tulimwogopa. Alikuwa na tabia ya kutukatiza hata tukiwa katikati ya kumwamkia. Tulimkuta kwake anachambua maharage. Alinitazama usoni mara moja, akasogeza ungo pembeni, akatupa viti. Nikasema yote. Sijui nilisema kwa mpangilio gani, ila alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza hata kidogo, akanimiminia chai yenye sukari nyingi, akaniambia maneno ambayo ningependa uyaandike moyoni mwako.

"Huu ni ugonjwa, mwanangu. Si uvivu, si kudeka, na wala haujaja kwa sababu husali vya kutosha. Kunywa chai, vaa sweta, tunakwenda hospitali sasa hivi."

Mwajuma naye akaja. Daktari aliyetupokea alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Akaniuliza nalalaje, nakula nini, nafikiri nini, na kila nilipojibu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari anazozifahamu. Aliposema nitapelekwa kwa wahudumu wa afya ya akili, nikaruka.

"Kwani daktari, mimi ni chizi?"

"Ukiumwa tumbo," akaniuliza, "huwa unaitwa tumbo?"

Nikatabasamu. Lilikuwa tabasamu langu la kwanza la kweli baada ya muda mrefu, na Mwajuma alilishuhudia. Nikapewa vidonge, na nikapangiwa kurudi kila mara kuzungumza na muuguzi mmoja, mama wa makamo, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza na kunisaidia kupanga siku yangu kidogo kidogo. Sitakudanganya kwamba nilitoka pale nimepona. Vidonge vilinikausha mdomo, na mwanzoni sikuona tofauti. Mwajuma alisogeza kitanda chake karibu na changu, na kila asubuhi alisubiri ninywe uji mbele yake. Nikisema sitaki, anasema, "Vijiko vichache tu," anakaa.

Chuo kikawaita wazazi. Baba akaja kutoka Namtumbo pamoja na shangazi yangu, na shangazi alikuja na uamuzi wake tayari. Tulikaa wote sebuleni kwa Madamu.

"Mtoto amechezewa," shangazi akasema. "Wameona anasoma, wamemwonea kijicho. Mimi nimekuja kumchukua. Kuna mzee kule kwetu anayajua mambo haya. Chuo atarudi akipona, au asirudi, uhai kwanza."

Madamu akamweleza kwa heshima juu ya hospitali, shangazi akatikisa kichwa. Wakavutana kwa maneno, na mimi nikakaa kama gunia linalogombewa. Nilijua kabisa kwamba nikipanda gari lile la Namtumbo siku ile, vidonge vitaachwa, muuguzi hatanisubiri, na Mwajuma hatakuwepo asubuhi na kijiko chake. Baba alikuwa ameshika kofia yake magotini. Mwisho akanigeukia.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "wewe mwenyewe unasemaje?"

Mwanangu, enzi zetu baba hakumuuliza binti swali la namna hiyo mbele ya watu. Nikasema, "Baba, nataka kubaki. Nataka niendelee na dawa."

Akainamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Nyumbani wewe ulikuwa unatuchekesha. Nikawa nasema, huyu hana shida. Macho yangu nikayapeleka kwa wenzako, wale wanyonge, wale wakimya. Wewe nilikuacha. Sikujua." Akajipangusa uso kwa kofia ile. "Dada, mtoto atabaki. Kama unataka kumwombea, muombee. Lakini atabaki."

Shangazi alinuna, nisikufiche. Aliondoka bila kumaliza chai yake. Lakini mwezi uliofuata alinitumia karanga za kukaanga, na hilo lilikuwa neno lake.

Kabla wenzangu hawajaondoka kwenda mazoezi, Madamu aliwakusanya ukumbini, akaniomba ruhusa kwanza, nami nikamruhusu. Nilikaa nyuma karibu na Mwajuma. Kila mtu alitegemea fimbo ya maneno. Imelda alikuwa anatazama vidole vyake. Madamu akawauliza swali: "Mkiamkiana asubuhi mnasemaje?"

"Habari za asubuhi," wakajibu.

"Na jibu?"

"Nzuri."

"Nzuri," akarudia. "Kwetu hata mtu aliyefiwa, ukimuuliza habari, anaanza na nzuri. Anasema, nzuri, ila nimefiwa. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Habari yenyewe imekaa baada ya 'ila'. Na ninyi mnauliza habari mkiwa mnatembea. Mkisikia nzuri, mmeshafika mbali. Mtakuwa walimu ninyi. Mtasimama mbele ya watoto wa watu. Jifunzeni kusimama kidogo, msubiri hiyo 'ila'."

Nikadhani amemaliza. Kumbe alikuwa na langu pia. "Na wewe Skolastika," akasema akinitafuta kwa macho kule nyuma, "ukipona, kuchekesha usiache, Mungu amekupa. Lakini mtu akisimama akakusubiri, mpe hiyo 'ila'. Usimlipe kwa kichekesho."

Hilo ndilo karipio nililolipata ujanani, na sijapata lingine lenye faida kama hilo.

Imelda hakuja kuniomba radhi siku ile. Yeye na Mwajuma walipangiwa mazoezi katika shule za hapa mjini, kila jioni wakarudi bwenini, ila Imelda alinikwepa kwa muda, na mimi nikadhani ananiona mgonjwa wa kuogopwa. Siku moja nikazikuta nguo zangu zimefuliwa, zimeanikwa, zimekunjwa kitandani. Kesho yake tena. Nilipomkamata akilia karibu na kamba ya nguo, akasema, "Ulinitafuta mimi kwanza, Skola." Tukakaa chini pale pale kwenye nyasi tukalia wote wawili, na baadaye tukacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha watu wawili waliokuwa wamekosana kidogo na wamepatana.

Nilipona polepole, kwa siku nzuri na siku mbaya zilizochanganyika. Asubuhi moja uji ulikuwa mtamu, nikashangaa, nikamwambia Mwajuma, akaomba aonje kuhakikisha. Mazoezi ya kufundisha niliyafanya na kundi la nyuma yetu. Nikahitimu nikiwa nimechelewa, nikapangiwa shule, nikaolewa, nikazaa. Ugonjwa ulinirudia mara moja nilipojifungua mtoto wa pili. Safari hiyo niliutambua ulipokuwa bado mlangoni, nikamwambia mume wangu siku hiyo hiyo, nikaenda hospitali na mtoto mgongoni. Mwajuma alifundisha Tunduru mpaka akastaafu. Tunapigiana simu, na hata leo hajawahi kuniuliza hali akapokea jibu la haraka.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana haya yote nimeyasema kwa ajili yako. Ninawaona. Namwona anayefungua mlango saa za kwenda darasani akaufunga tena. Naona chakula kinachobaki kwenye sufuria. Naona pia picha mnazoweka kwenye simu zenu, mmependeza, mnacheka, na ninyi wenyewe mnatazama picha za wenzenu mnadhani wao ndio wazima. Mimi sina haki ya kuwacheka. Mimi nilikuwa picha ya namna hiyo, ila ya kutembea.

Usisubiri uwe na sababu kubwa ndipo uumwe. Ukiona usingizi umekimbia, chakula hakina ladha, vitu ulivyovipenda vimekuwa kama vya mtu mwingine, na hali hiyo haiondoki, sema. Na ukisema mtu akacheka, au akakuambia jikaze, usifunge mdomo. Huyo hakuelewa, mtafute mwingine, na huyo naye akishindwa, mtafute mwingine tena. Mimi rafiki yangu hakunisikia, na aliyenisikia ni mtu ambaye hata mazoea naye sikuwa nayo. Nenda kwa mlezi wa chuo, nenda hospitali, mpigie mama yako. Sali sana, na dawa unywe. Mungu hakasiriki ukienda kwa daktari. Pombe isikudanganye kwamba inakuliwaza, inakukopesha usingizi na asubuhi inakuamsha na huzuni maradufu.

Na wewe uliye mzima leo, mwangalie mwenzako. Hasa yule ambaye hamna wasiwasi naye, yule mwenye kelele, yule anayewafurahisha wote. Ukiona amebadilika, muulize, na usiogope kumuuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunamfungulia mlango wa kutokea. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, na usikubali kuifanya siri, hata akikuapisha. Mshike mkono, mpeleke kwa mkubwa. Ukiona haya kama Mwajuma alivyoona, ona haya na uende hivyo hivyo.

Mlango wangu mnaujua. Hauna komeo mchana, na mtu hahitaji kuwa na neno la maana ili aingie. Ukikuta nachambua mchele, kaa, chambua nami, maneno yatakuja yenyewe au yasije.

Mungu aliyekufikisha hapa akupe usingizi mtulivu na chakula chenye ladha. Akuzungushie watu wenye macho ya kuona na masikio yasiyo na haraka, na wewe akufanye kuwa mmoja wao kwa mwenzako. Siku nzito ikija, ikukute umeshikwa mkono. Nakubariki kama ninavyowabariki niliowazaa. Ishi, mwanangu. Ishi mpaka uzeeke, nawe uje uwasimulie wengine.